Ndugu Wawili Ndani ya Mwili: Historia ya Kidonge cha Maumivu

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka vizuri, na kila mmoja ana daftari lake mbele yake. Wale mliosikiliza somo hili katika redio mtalikuta hapa kama lilivyosomwa, ila nimeongeza maneno machache pale ambapo wengi waliandika barua kuuliza.

Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kidonge kidogo cheupe ambacho karibu kila mmoja wenu amepata kukimeza. Wazee wetu wengi walikiita aspro, ingawa hilo ni jina la biashara la watengenezaji mmoja tu. Jina lililoenea ulimwenguni ni aspirini.

Nianze nyumbani kwetu. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akiumwa magoti kwa miaka mingi. Kila jioni alimtuma mtoto dukani akamletee vidonge vya maumivu. Vilifungwa katika kipande cha gazeti, bila jina wala maelezo. Akimeza viwili, asubuhi huamka akaenda shambani. Tuliona ni dawa njema kabisa. Basi siku moja alfajiri akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa, akaanguka mlangoni. Tulimfikisha hospitali, akaongezwa damu chupa tatu. Daktari alituambia maneno ambayo sijayasahau: dawa iliyotuliza magoti yake ndiyo hiyo hiyo iliyolitoboa tumbo lake.

Mimi si daktari, ni afisa wa elimu tu. Lakini niliuliza, kama nanyi mngeuliza: imekuwaje kidonge kimoja kiwe rafiki wa goti na adui wa tumbo? Jibu la swali hilo liliwachukua wataalamu zaidi ya miaka 200, na kila walipodhani wamelipata, likawaponyoka tena.

Twende kwanza Uingereza, mwaka 1763. Katika mji mdogo wa Chipping Norton alikuwako kasisi aitwaye Edward Stone. Miaka kama sita kabla ya hapo alikuwa ameonja gome la mti wa mwerebi, akashangaa kwa uchungu wake. Mwerebi ni mti wa kandokando ya maji. Waliosoma kitabu cha Isaya wamelikuta jina hilo. Uchungu ule ulimkumbusha gome la mkwinini, ambalo lilitumika kutibu homa na lilikuwa ghali sana. Tena alifikiri kwamba, kwa kuwa homa huwapata zaidi watu wa mahali penye majimaji, huenda Mungu ameiweka na dawa yake papo hapo. Hoja yake ya pili haina nguvu, lakini ilimpeleka mahali pazuri. Alikausha gome kwa zaidi ya miezi mitatu, akalisaga, akawapa unga wake watu wapatao 50 wenye homa. Kisha akaandika barua kwa chama cha wataalamu huko London, kueleza kwamba wengi walipata nafuu.

Ninyi mliokunywa mwarobaini utotoni hamtashangaa kwamba watu walitafuta dawa kwa kufuata uchungu.

Kutoka gome mpaka kidonge ni safari ya miaka mingi, nami nitaipita upesi. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich, Ujerumani, alitoa katika gome hilo kitu chenyewe chenye uchungu, akakiita salisini. Baadaye wataalamu wa kemia walipata asidi ya salisili. Ilitibu homa na maumivu ya viungo, lakini ilichoma tumbo vibaya. Mwaka 1897, katika kiwanda cha Bayer huko Ujerumani, Felix Hoffmann aliibadili asidi hiyo kidogo, na mwaka 1899 ikaanza kuuzwa kwa jina la Aspirini. Husimuliwa kwamba alifanya hivyo kwa kumhurumia baba yake aliyekuwa mgonjwa wa viungo. Yuko mwingine, Arthur Eichengrün, aliyeandika mwaka 1949 kwamba yeye ndiye aliyeiongoza kazi hiyo. Bwana huyu alikuwa Myahudi, na wakati wa vita vya pili vya dunia alifungwa katika kambi ya Wanazi. Mimi naona haifai kulitaja jina la kwanza bila kulitaja la pili.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Tangu 1899 mpaka 1971, watu walimeza mamilioni na mamilioni ya vidonge hivi, wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua vinavyofanya kazi. Walijua vinatuliza homa, vinapunguza uvimbe, vinaondoa maumivu. Walijua pia kwamba baadhi ya watu hutoka damu tumboni. Lakini kwa nini? Hawakujua.

Ili tulielewe jibu, hapana budi tujifunze neno moja. Mwalimu wa darasa aliandike ubaoni: KIMENG'ENYA. Wakiwa wengi ni vimeng'enya.

Jaribuni hivi mkifika nyumbani. Chukueni kipande cha mkate mkavu, mkitafune polepole, msikimeze upesi. Baada ya kitambo mtasikia utamu. Sukari imetoka wapi? Katika mate yenu mna kimeng'enya ambacho huuvunja wanga ukawa sukari. Kimeng'enya ni protini yenye kazi ya kubadili kitu kimoja kiwe kingine upesi sana, na chenyewe hakimaliziki kwa kazi hiyo. Mwili una maelfu ya vimeng'enya, na kila kimoja kina kazi yake.

Neno la pili ni SELI. Mwili umejengwa kwa seli kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali, ila matofali haya yako hai na husemezana. Seli haina mdomo. Husema kwa kutoa kemikali. Homoni nyingi ni kama redio hii: zikitolewa mahali pamoja, husafiri katika damu na kusikika mwili mzima. Lakini ziko kemikali nyingine zilizo kama balozi wa nyumba kumi. Hubeba habari kwa majirani tu, kisha hutoweka upesi. Hizo huitwa prostaglandini. Aliyezipa jina hilo ni Ulf von Euler wa Sweden, katika miaka ya 1930.

Ukijikata kidole, seli za hapo hutengeneza prostaglandini. Prostaglandini huwaambia majirani: panueni mishipa, leteni damu, mishipa ya fahamu iwe macho. Ndipo kidole huvimba, huwa chekundu, na huuma. Ndani ya ubongo habari kama hiyo hupandisha homa. Na ndani ya tumbo? Huko prostaglandini husema jambo jingine kabisa. Husema: toeni ute, punguzeni asidi. Maana tumbo lina asidi kali ya kumeng'enyea chakula, na bila ute huo asidi ingekula ngozi ya tumbo lenyewe. Mjumbe ni yule yule, lakini kila nyumba humpokea kwa kazi yake.

Mwaka 1971, huko London, John Vane alifanya majaribio kwa mapafu ya wanyama wadogo kama sungura ambao hutumiwa na wataalamu. Aliona kwamba aspirini huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Hapo goti na tumbo vikaeleweka kwa pigo moja. Kumbe kidonge hakichagui. Hunyamazisha mjumbe wa maumivu gotini, na hunyamazisha mjumbe wa ulinzi tumboni. Mwaka 1982 Vane alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Bergström na Samuelsson wa Sweden, waliozichunguza prostaglandini kwa miaka mingi.

Kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kutengeneza prostaglandini kinaitwa saiklooksijenesi. Jina ni refu mno. Tuseme Koksi, kama wataalamu wenyewe wanavyolifupisha. Aspirini huingia katika tundu la Koksi na kuliziba. Ndivyo zinavyofanya na dawa za jamaa yake, kama ibuprofeni na diklofenaki, ijapokuwa hizo hukaa kwa muda kisha huondoka, hali aspirini hugandamana nayo moja kwa moja.

Watu wakaridhika. Lakini wachunguzi wengine waliona hesabu haikamiliki. Karibu na mwaka 1990, Philip Needleman na wenzake katika mji wa St. Louis, Marekani, waliona kwamba seli zilizochokozwa na ugonjwa huongeza kazi ya Koksi kwa ghafula, na kwamba dawa fulani huiondoa nyongeza hiyo bila kuigusa Koksi ya kawaida. Ilikuwa kama kusikia sauti mbili chumbani ambamo tuliambiwa yumo mtu mmoja.

Mwaka 1991 mtu wa pili akaonekana. Daniel Simmons, katika jimbo la Utah, alikuwa akichunguza seli za kuku. Harvey Herschman, huko Los Angeles, alikuwa akichunguza seli za panya. Wote wawili hawakuwa wakitafuta dawa ya maumivu. Walitafuta jeni ambazo huamka seli inapochokozwa. Kila mmoja akakuta jeni iliyofanana sana na ya Koksi, lakini si yenyewe. Ikaitwa Koksi-2, na ile ya zamani ikawa Koksi-1.

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Vimeng'enya hivi ni ndugu. Fikirini protini kuwa ni ushanga uliotungwa. Kila Koksi ina chembe za ushanga zipatazo 600, na katika kila 100, kama 60 ni zile zile mahali pale pale. Kazi yao ni moja: huchukua mafuta yaliyotoka katika ngozi ya seli na kuyageuza yawe mwanzo wa prostaglandini. Lakini mahali pao na wakati wao hutofautiana. Koksi-1 hukaa kazini siku zote, katika tumbo na katika damu. Koksi-2 katika sehemu nyingi hulala, mpaka jeraha au ugonjwa uiamshe. Ndipo hutengenezwa kwa wingi kwa saa chache.

Picha za maumbo yao zilipopatikana, ya Koksi-1 mwaka 1994 na ya Koksi-2 mwaka 1996, ilionekana tofauti ndogo ya kushangaza. Katika tundu la Koksi-1, kwenye nafasi ya 523, kuna chembe iitwayo isolusini. Katika Koksi-2, nafasi hiyo ina valini, ambayo ni ndogo kidogo tu. Kwa udogo huo, pembeni mwa tundu hufunguka kama kijichumba. Dawa yenye umbo la kuingia katika kijichumba hicho itaizuia Koksi-2 na kumwacha nduguye aendelee na kazi.

Mnaona wenyewe tumaini lililozuka. Ikiwa Koksi-1 ndiye mlinzi wa tumbo, na Koksi-2 ndiye mleta maumivu, basi mzuieni huyu wa pili peke yake, na akina bibi wote wa duniani watatembea bila kutapika damu. Mwishoni mwa Desemba 1998 dawa iitwayo selekoksibu iliruhusiwa Marekani. Mwezi wa Mei 1999 ikafuata rofekoksibu, iliyouzwa na kampuni ya Merck kwa jina la Vioxx. Mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya jaribio la wagonjwa zaidi ya 8,000. Nusu walipewa rofekoksibu, na nusu dawa ya kale iitwayo naproksini. Madhara makubwa ya tumbo yalipungua kama nusu kwa waliotumia dawa mpya. Ilikuwa kweli, wala si maneno ya matangazo.

Lakini katika karatasi zile zile palikuwa na jambo jingine. Waliopata shtuko la moyo walikuwa wengi zaidi upande wa dawa mpya. Kampuni ilisema pengine ni naproksini iliyowalinda wale wengine. Wapo waliokubali maelezo hayo. Wapo waliokumbuka kazi ya Garret FitzGerald wa Philadelphia, iliyotolewa mwaka 1999.

Natakeni msome sehemu hii polepole. Ndani ya damu kuna vipande vidogo viitwavyo chembe sahani. Ukijikata, hizo hukusanyika na kuziba jeraha. Huitana kwa kemikali iitwayo thromboksani, na hiyo huanzia kwa Koksi-1. Upande wa pili, kuta za mishipa ya damu hutoa kemikali inayosema kinyume: tawanyikeni, msigande hapa. Hiyo ni prostasaiklini. Siku zote mbili hizi hushindana, na damu hupita salama katikati yao. FitzGerald na wenzake waliona kwamba dawa mpya zilipunguza prostasaiklini mwilini mwa watu, na zikaiacha thromboksani vile vile. Maana yake ni kwamba prostasaiklini hutegemea sana Koksi-2, yule yule aliyeitwa mleta maumivu. Kumzuia yeye peke yake ni kutoa breki na kuacha mafuta. Kwa mtu mwenye mishipa iliyokwisha kuharibika, damu yaweza kuganda ndani ya moyo au ndani ya kichwa.

Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni iliiondoa Vioxx katika masoko yote. Jaribio jingine la watu 2,586, lililofanywa kwa sababu nyingine kabisa, ya uvimbe mdogo katika utumbo, lilionyesha kwamba hatari ya moyo na kiharusi ilikuwa kama mara mbili ya wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Katika Marekani peke yake watu wapatao milioni 20 walikuwa wamekwisha kuitumia. Mwaka 2007 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza kesi za walioshtaki, bila kukiri kosa.

Nina neno langu hapa. Makosa ya biashara yalikuwapo, na yamesemwa sana mahakamani. Lakini lilikuwapo kosa jingine, la sisi walimu na waandishi. Tulipenda hadithi ya ndugu wawili, mmoja mwema na mmoja mbaya. Hata mimi niliwahi kuifundisha hivyo. Walakini tangu mwaka 1995 panya walikuwa wamekwisha kutoa ushahidi. Panya waliozaliwa bila Koksi-1 hawakupata vidonda vya tumbo, ingawa kila mtu alitazamia watapata. Waliozaliwa bila Koksi-2, huyo aliyeitwa mbaya, figo zao ziliharibika, na majike hawakuweza kuzaa vizuri. Koksi-2 hukaa kazini siku zote katika figo na katika ubongo. Hata kidonda cha tumbo kinapopona, yeye husaidia. Ndugu hawa wana kazi za pamoja, wana kazi za kila mmoja, na mahali pengine mmoja akikosekana mwenziwe hushika jembe.

Na aspirini yetu ya zamani? Kumbe tofauti hiyo hiyo imeipa kazi mpya. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa California, Lawrence Craven, aliona kwamba wagonjwa aliowakata findo, wakitafuna dawa yenye aspirini, hutoka damu nyingi. Akafikiri: kama inazuia damu kuganda, haiwezi kuulinda moyo? Wakubwa wa utabibu hawakumsikiliza sana. Lakini mwaka 1988 jaribio la wagonjwa 17,187 wa shtuko la moyo lilionyesha kwamba aspirini kidogo kila siku kwa mwezi mmoja ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano. Sababu yake ni nzuri kuijua. Chembe sahani haina kiini, kwa hiyo haiwezi kutengeneza Koksi mpya. Ikizibwa leo, imezibwa mpaka kufa kwake, siku kama 10. Seli ya ukuta wa mshipa ina kiini, hutengeneza nyingine. Ndiyo maana dozi ndogo huigusa zaidi chembe sahani.

Wengine wenu mtasema, basi nami nianze kesho. La, msianze. Mwaka 2018 jaribio la wazee wazima zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani lilionyesha kwamba kwa mzee asiye na ugonjwa wa moyo, aspirini ya kila siku haikumwongezea miaka ya afya, bali ilimwongezea hatari ya kutoka damu. Daktari ndiye wa kuamua. Tena aspirini haifai kwa mtoto mwenye homa, maana yaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Nanyi wa Dar es Salaam mnaokumbuka homa ya dengi ya mwaka 2014: ugonjwa ule hupunguza chembe sahani, kwa hiyo mwenye dengi hapewi aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki.

Selekoksibu bado ipo. Mwaka 2016 jaribio la wagonjwa zaidi ya 24,000 lilionyesha kwamba kwa dozi ya wastani haikuwa na hatari ya moyo kuzidi ibuprofeni au naproksini. Madaktari huitoa kwa kumtazama mtu: huyu tumbo lake ni dhaifu, yule moyo wake ndio dhaifu.

Bibi yangu alipona. Alikatazwa vidonge vile, akapewa dawa nyingine pamoja na ya kulinda tumbo. Sasa mtoto akiletwa na kifuko cha dawa, bibi humwambia: nisomee kwanza.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mmoja atafute paketi au kichupa cha dawa ya maumivu kilichomo nyumbani mwake. Juu yake pana jina kubwa la biashara. Chini yake, kwa herufi ndogo, pana jina la dawa yenyewe. Nakilini majina yote mawili katika daftari, mje nayo Jumanne, na mwalimu awapange: wenye aspirini, wenye diklofenaki, wenye ibuprofeni, na wenye parasetamoli, ambayo si ya jamaa hii hasa na tutaisoma juma lijalo. Asiyekuta jina lolote, kwa kuwa dawa yake imefungwa katika gazeti, aandike neno HAPANA, na aje nayo vile vile.